Juu ya daraja, chini ya daraja

Kitabu nilichokwenda nacho Rwanda kilikuwa cha Tanzania, kimechakaa pembeni, na mazungumzo ya sura ya pili yalikuwa ya aina ile tuliyoikariri sote: watu wawili wanakutana stendi, wanasalimiana, mmoja anamuuliza mwenzake anatoka wapi, anakwenda wapi, halafu, bila hata kumeza mate, "Kabila lako nani?" Mwenzake anajibu kifua mbele kwamba yeye ni Mhaya wa Bukoba. Basi, utani unaanzia hapo, ndizi na nshomile, yaani majivuno ya usomi, mpaka basi linafika.

Niliyaandika ubaoni neno kwa neno. Ilikuwa mwaka 2018, Nyamata, wilaya ya Bugesera, darasa la mwaka wa nne wa sekondari. Mwaka mmoja kabla yake sheria ilikuwa imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya Rwanda, na mimi, mwalimu wa Ngara niliyekuwa nikihesabu senti, nikavuka mpaka kufuata kazi katika shule ya binafsi.

Nikawaita wanafunzi wawili mbele waigize. Wa kwanza aliuliza vizuri, lafudhi na yote. Wa pili, kijana mrefu ambaye ndiye alikuwa mchekeshaji wa darasa, hakumtazama mwenzake. Alinitazama mimi. Kisha akasema, "Mimi ni Mnyarwanda, Mwalimu."

Nami nikamsahihisha. Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Nilimwambia, "Hapana, hiyo ni nchi. Swali linauliza kabila."

Darasa lilinyamaza kwa namna ambayo sijawahi kuisikia tena. Msichana wa dirishani alifunga daftari lake polepole. Wakati wa mapumziko mwalimu wa historia alinisogelea, akanimiminia chai, akasema kwa sauti ya mtu anayekutoa uzi kwenye nguo, "Hilo swali hapa hatuulizani."

Mtu wa Tanga au Lindi angesamehewa. Mimi ni mtoto wa Rusumo.

*

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa na kibanda cha uji na mihogo ya kuchemsha kando ya barabara iendayo mpakani, wateja wake wakiwa madereva wa malori. Tarehe 28 Aprili, siku ya Alhamisi, watu walianza kuvuka daraja la Rusumo na hawakukoma. Walipita usiku kucha, na kesho yake bado wanapita. Baadaye ilisemwa kwamba katika muda wa saa 24 walivuka watu wapatao 250,000. Kwa mtoto idadi hiyo haikuwa idadi. Ilikuwa sauti ya nyayo, kama mvua ndogo isiyokatika, na magodoro yakitembea juu ya vichwa.

Askari wetu waliwaamuru waache silaha mpakani. Likafanyika lundo la mapanga, marungu na mashoka. Nililiona nikiwa nimeshika khanga ya mama, na nilichofikiri ni kwamba hawa ni wakulima wazuri. Mtoto wa kijijini akiona panga anaona shamba.

Mama aligawa uji bure siku mbili, mpaka unga ukaisha. Alisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilibeba kikombe cha bati na ndoo, nikipita kwenye foleni nawanywesha maji. Nakumbuka mikono. Sura zimenitoka, mikono imebaki.

Hayo yalikuwa ya juu ya daraja. Chini yake mto Kagera ulikuwa unakuja na yake. Wazazi walitukataza kwenda mtoni, kwa hiyo tulikwenda. Sitaeleza sana. Walikuja na maji, mmoja mmoja, wawili wawili, wengine mikono imefungwa nyuma, wakaporomoka kwenye maporomoko, wakaendelea na safari kuelekea Ziwa Victoria. Wapo waliokwama kwenye matete upande wetu. Baba na wanaume wengine wa kijijini walikuwa wakishuka alfajiri na miti mirefu, kabla akina mama hawajaenda kuchota maji, na waliorudi nao nchi kavu waliwazika. Baba akirudi alikuwa ananawa kwa muda mrefu mno, na hakuna aliyemuuliza kitu. Nyumbani kwetu samaki hakuliwa tena mwaka ule.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba waliopita juu na waliopita chini hawakuwa wakimkimbia adui mmoja. Wa chini walikuwa Watutsi, waliouawa katika mauaji ya kimbari kule juu ya mto na kutupwa majini. Wa juu wengi wao walikuwa wakulima Wahutu waliokimbia majeshi ya RPF, wapiganaji ambao wengi wao walikuwa Watutsi wa uhamishoni, yaliyokuwa yanasonga mbele. Mle mlikuwa na wazee, wajawazito, watoto wa umri wangu ambao hawakumgusa mtu. Na katikati yao walitembea waliofanya ile kazi ya wiki tatu zilizopita. Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa mkuu wa komuni ya Murambi, alikuwa kambini Benaco, karibu na kwetu, na alikuwa na wafuasi. Miaka ikapita ndipo mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha ikamtia hatiani. Benaco lenyewe ni jina la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara. Watu walikuwa wanasema kwamba kwa wingi wa watu kambi ile imekuwa mji wa pili Tanzania baada ya Dar es Salaam. Desemba 1996 serikali ikawarudisha kwao kwa barabara ile ile, na mama akaanza tena kuuza uji.

Nimewahi kumuuliza mama kama hajutii. Alinijibu bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa anauchambua: "Niliwapa uji watu wenye njaa. Sikuyapa uji matendo yao."

*

Kinyarwanda nilikipata haraka, maana Kihangaza chetu ni ndugu yake wa karibu. Ila undugu wa lugha una hila. Neno wanalotumia kwa kile tunachokiita kabila ni *ubwoko*, na *ubwoko* ni aina tu. Ukienda sokoni Nyamata unaulizwa unataka ubwoko gani wa maharage. Wabelgiji walipogawa vitambulisho miaka ya 1930 waliandika humo aina ya mtu: Mhutu, Mtutsi, Mtwa. Watu wanaozungumza lugha moja, wanaomwita Mungu kwa jina moja, ambao hata koo zao zimechanganyika, kwani Abasinga wamo pande zote, Abazigaba wamo, Abagesera wamo, wakapangwa kama maharage. Baada ya uhuru serikali zilizofuata hazikulifuta neno lile. Zilihesabu nalo nafasi za shule na za kazi. Na kwenye vizuizi vya barabarani mwaka 1994, kuanzia Aprili 7 kwa siku 100, neno lile lilikuwa hukumu. Kwa hesabu ya serikali ya Rwanda, waliouawa walipita milioni moja. Kitambulisho cha leo hakina mstari huo.

Nikirudi likizo ndugu zangu huniambia, mbona sisi tuna makabila zaidi ya 120 na tunataniana tu? Ni kweli. Lakini nimeacha kuufanya utani wetu kuwa ushahidi wa roho nzuri. Serikali yetu haikuwahi kumwandikia mtu kabila kwenye kitambulisho halafu ikaangalia neno hilo kumpa au kumnyima mtoto shule. Ingefanya hivyo miaka 60, sijui kama yule Mhaya wa stendi angekuwa bado anacheka.

Ile sura ya pili niliiandika upya kwa mkono. Sasa anaulizwa timu anayoshangilia. Ugomvi haukosekani, ila ni wa Rayon Sports na APR.

Kilichonifundisha zaidi lakini si kitabu. Ni mama mwenye nyumba niliyopanga.

Aprili yangu ya kwanza ilinikuta sijajiandaa. Nilijua kuna tarehe 7. Sikujua kwamba wiki nzima, mpaka tarehe 13, redio inabadilika, bendera inashuka nusu mlingoti, harusi hazifungwi, baa zinazima muziki, na mchana watu wa kila mtaa wanakaa pamoja kwenye mikutano ya mazungumzo. Nyimbo nazo ni za maombolezo, lakini zinataja majina ya vilima na ya watu. Baada ya wiki hiyo maisha yanarudi barabarani, ila kumbukumbu inaendelea hadi Julai, kila mahali kwa tarehe yake, kwa sababu kila mahali pana siku yake palipouawa.

Jioni moja ya wiki ile mama mwenye nyumba aliniita tunywe chai. Anakijua Kiswahili, alikuwa akifanya biashara ya nguo na watu wa Nyamirambo, mtaa wa Waswahili kule Kigali. Akanieleza, bila kupandisha sauti, habari za mumewe na watoto wake watatu. Alipomaliza nilikuwa nalia, na nikatafuta la kusema, na likaja lile linalokuja lenyewe kwetu kwenye kila msiba: "Pole Mama. Kazi ya Mungu haina makosa."

Aliweka kikombe chini.

"Mwalimu, hii haikuwa kazi ya Mungu. Walikuwa majirani. Nawajua majina."

Kisha akaongeza, kama mtu anayemsaidia mgeni asijikwae tena, kwamba siku zile neno lenyewe lilikuwa hilo. Redio ilikuwa inahimiza watu wakafanye kazi, na asubuhi walitoka na mapanga wakiitana kwenda kazini, na jioni waliulizana kazi imefika wapi. Watu walikuwa wameshaitwa mende. Mende hauawi, unafanya kazi ya usafi.

Sikulala. Nilianza kuyapitia maneno yetu ya msiba moja baada ya jingine, kama anayekagua mfuko kuona kama kuna kitu kizima: siku zake zimefika, Mungu amempenda zaidi, ametangulia, ahadi yake imetimia, tulimpenda lakini Mungu kampenda zaidi. Yote yametengenezwa kwa kifo ambacho hakina mkosaji. Kiswahili, lugha ninayoifundisha na kujivunia, hakikuwa na pole ya kifo kilichokaliwa vikao. Novemba 1992, kule Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera alisimama hadharani akasema Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka mmoja na nusu kabla. Mto huo huo unaopita mpakani mwa Bugesera, unaobadilika jina kuwa Akagera, unaokuja kwetu. Ahadi ya nani ilitimia pale?

Tangu siku hiyo Aprili huwa nasema *mwihangane*, ambalo ni kama kusema vumilieni, na nikiishiwa nanyamaza. Nimegundua hakuna anayekasirikia ukimya wa mtu aliyekaa hadi mwisho. Kwenye usiku wa kumbukumbu, watu wamezunguka moto, nilimsikia mzee mmoja akitoa ushuhuda kwa karibu saa mbili. Hakuna aliyemkatisha. Kwetu MC angeshasema muda si rafiki. Katikati ya ushuhuda mwanamke aliyekuwa nyuma alipiga kelele, ile wanayoiita *ihahamuka*, roho kurudi mwaka 1994 kwa ghafla. Vijana wenye fulana za huduma ya kwanza wakamchukua kwa upole kama wamezoea, na walikuwa wamezoea. Mzee akasubiri. Kisha akaendelea pale pale alipoachia.

Wengi wa vijana wale hawakuwa wamezaliwa mwaka 1994.

*

Kijana mrefu wa darasa langu aliendelea kunichokoza kwa miaka yote mitatu. Korona ikafunga shule, ikafungua, akamaliza sekondari, na kama wenzake wote wanaomaliza akaitwa kwenye Urugerero.

Neno ni la zamani. Enzi za wafalme vijana walikwenda *itorero*, kujifunza kucheza ngoma, kusema vizuri, kupiga mshale na kutii, na aliyefuzu aliitwa *intore*, mteule. *Urugerero* ilikuwa kambi ya mpakani walipokaa walinzi wa nchi. Ukoloni uliua vyote viwili. Itorero lilirudishwa mwaka 2007, na Urugerero wa leo, wa jembe badala ya mkuki, ulianza mwaka 2013. Vijana wanafundishwa historia ya nchi yao, halafu wanatumika vijijini kwao: kutengeneza bustani za mboga za nyumbani, kuchimba makinga maji kwenye miteremko, kujenga vyoo na nyumba za wasiojiweza.

Mtanzania hawezi kusikia hayo bila kukumbuka JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Kaka yangu mkubwa alikuwa miongoni mwa waliokwenda kwa mujibu wa sheria kabla utaratibu huo haujasimamishwa mwaka 1994, mwaka ule ule. Alirudi na sauti ya kwata na rafiki wa Pemba, ambaye baadaye alikuwa mpambe wake wa harusi. Kwetu utaratibu ulirudishwa mwaka 2013, mwaka ule ule tena. Sijui kama kuna aliyekusudia kulinganisha, mimi huwa naona tu tarehe zinakonyezana. Lakini ukitazama vizuri ni vitu tofauti. JKT ilimpeleka kijana mbali ili akutane na mgeni, na kukutana na mgeni ni rahisi, mnaanza na ukurasa mweupe. Urugerero unamwacha kijana kijijini kwake ili akutane na jirani. Rwanda haikuangamizwa na wageni.

Sitaki niseme kwamba wote wanakwenda wanaimba. Nimewasikia wazazi wakinung'unika kwamba kijana angekuwa dukani anasaidia. Wapo wanaofuata cheti, wapo wanaoegemea jembe kama fimbo ya mzee na simu mkononi. Wana msemo kwamba intore halalamiki, hutafuta suluhisho. Kijana wangu aliniambia kwa Kiswahili changu mwenyewe, "Intore halalamiki, Mwalimu, lakini mgongo wake unalalamika."

Siku nyingine aliniambia jambo ambalo halikuwa mzaha. Tulikuwa tunatoka kwenye kanisa la Nyamata, ambalo leo ni makumbusho. Zaidi ya watu 45,000 wamezikwa pale. Ndani nguo za waliouawa zimelazwa kwenye mabenchi, zimekuwa na rangi moja ya udongo, na ukiinua macho unaona mwanga kwenye matundu ya mabati. Nje yuko Antonia Locatelli, Mtaliano aliyepiga simu kwenye redio za ng'ambo Machi 1992 kusema kwamba watu wa Bugesera wanauawa, akauawa na yeye. Miaka miwili kabla. Kijana alikuwa kimya mpaka barabarani, halafu akasema, "Nimechoka kukumbuka kitu ambacho sikukiona."

Sikumjibu. Ninayo majibu ya vitabuni, lakini yeye hakuuliza swali. Msomaji huenda unataka kujua alikuwa mtoto wa nani: wa waliokufa, wa waliotoka gerezani, wa waliorudi kutoka Uganda au Burundi. Nami nilitaka kujua, nikiri, na udadisi huo niliubeba kama mtu anayebeba kiberiti karibu na nyasi. Mpaka leo sijui.

Je, ukimya huo ndio amani? Sidhani. Sheria za Rwanda dhidi ya itikadi ya mauaji ya kimbari ni kali, na nimewaona watu wakipima neno kabla ya kulitoa, wakalimeza. Umoja unaofundishwa kwenye mkutano si lazima uwe umefika jikoni. Ninalisema hilo kwa sababu nimekaa jikoni kwao. Lakini nimeliona pia lile lundo la mapanga, na tangu utoto simwamini anayesema maneno ni maneno tu. Machi 1997, shule ya Nyange, waasi waliingia madarasani usiku wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wanafunzi wakakataa, wakajibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Wakapigwa risasi na mabomu, wengine wakafa. Leo wamo kwenye orodha ya mashujaa wa taifa. Nilipojua habari hiyo ndipo nilipoelewa jibu la kijana wangu ubaoni lilikotoka, na ni jibu gani nililokuwa nalisahihisha.

*

Nyumba waliyopewa wajenge ilikuwa ya *mukecuru* mmoja, bibi anayeishi peke yake, juu kidogo ya bonde la Nyabarongo. Nilikwenda Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya *umuganda*, ambapo kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi mtaa mzima hutoka kufanya kazi ya jamii, kwa hiyo vijana wa Urugerero walikuwa na watu wazima pembeni. Wengine walikanyaga udongo wa matofali ya *rukarakara*, wengine walichimba msingi. Mimi nilipewa kubeba maji. Ndoo na kikombe, kazi yangu ya zamani.

Kama saa tatu na nusu jembe liligonga kitu kigumu. *Ko!*

Wote walisimama. Si wachimbaji tu. Waliokanyaga udongo, waliobeba miti, mwanamke aliyekuwa anacheka na jirani yake. Hata wadogo wale, waliochoka kukumbuka. Kwa sababu nchini kote ukichimba huwezi kujua. Mwaka 2018 tu, kule Kabuga pembezoni mwa Kigali, mashimo ya waliouawa yalifunguliwa chini ya nyumba za watu wanaoishi, wanapika, wanazaa. Kijana mrefu ndiye aliyekuwa na jembe. Alililaza kando, akapiga magoti, akafukua kwa vidole. Alichukua muda. Niliona mabega ya bibi yamepanda.

"Ni jiwe," akasema.

Akalitoa, akalipangusa kwa fulana yake, akalinyanyua juu kila mtu alione. Mzee mmoja akalipokea akalipeleka kwenye rundo la mawe ya msingi. Hakuna aliyesema kitu na majembe yakaendelea, ila si kwa kasi ile ya mwanzo.

Bibi akaja na maziwa ya mgando. Akaniuliza mimi Mswahili natoka wapi. Nikamwambia Ngara.

"Ngara ya Rusumo?"

"Ya Rusumo, bibi."

Akakaa chini karibu yangu, akanishika kifundo cha mkono. Kinyarwanda changu kilikuwa kinatosha, lakini kijana alikuwa ameshasogea, na akawa anatafsiri, sentensi moja moja, bila kuombwa. Bibi alisema watu wake walitupwa mtoni, pale chini, tunapaona. Akauliza kama ni kweli maji haya yanafika kwetu. Nikasema ni kweli. Akakaa kidogo, ndipo akauliza alilokuwa amelitunza:

"Mliwazika?"

Nilimweleza kuhusu baba na miti yake mirefu. Nilimweleza kwamba wengi walitupita, wakafika ziwani, na kwamba Uganda, kule Kasensero, Lambu na Ggolo, wavuvi na wanakijiji waliwatoa wakawazika, zaidi ya 10,000, na leo kuna makaburi yaliyojengwa. Wengine walibaki kwetu, kwenye kona ya mto yenye matete. Kijana alitafsiri yote. Nilipofika kwamba baba alikuwa anahesabu, alisahau kutafsiri, akaniuliza yeye mwenyewe, "Walifika wangapi?"

"Aliacha kuhesabu siku ya pili."

Alimwambia bibi. Kisha akafuta tope mikononi, akatoa simu yake mfukoni. "Baba yako yupo hai, Mwalimu? Ana wasapu?"

Baba hana, ila kaka anayo, na Jumamosi huwa wapo pamoja. Picha ilikataa, sauti ikakubali. Nilimweleza baba kwa kifupi niko wapi na nani anataka kuongea naye. Nilitarajia akatae. Mimi na yeye hatujawahi kuzungumza habari za mto, hata mara moja. Alikaa kimya, tukasikia jogoo wa nyumbani, halafu akaanza kuongea Kihangaza, taratibu, na bibi akamwelewa bila mkalimani. Alimwambia mahali palivyo. Alimwambia walitandika majani ya migomba. Alimwambia pale hapalimwi, hata shemeji yake aliyetaka kupalima alimkataza, na kwamba yeye huenda kufyeka kila mwaka mvua zikiisha.

Hilo la kufyeka sikulijua.

Kisha baba akauliza anaongea na nani. Bibi akainama karibu na simu. Akataja jina lake. Akataja la mumewe, akataja ya watoto wake wanne, kuanzia mkubwa, akituliza kila jina kama anayeandikisha shule, na baba, huko Ngara, akawa analirudia kila moja kwa sauti.